Bwana Hatua na Kitabu Kilichokatika

Mume wa dada yangu ni fundi suti, na kwa mikono yake sina neno. Koti akilikata yeye, hata mtu mwenye bega moja juu na jingine chini hutoka dukani amenyooka. Neno langu liko kwenye mdomo. Kwa miaka mingi shemeji yangu hakusoma kitabu kingine chochote ila vile vya kumfundisha mtu namna ya kufanikiwa: hatua saba za kujitajirisha, hatua tisa za kuamka mapema, siri tano za waliofika. Walifika wapi, hakuna aliyejua. Alivisoma akavimeza, kisha akawa anavimwaga juu ya vichwa vyetu. Ndiyo maana jengo zima linamwita Bwana Hatua. Mwenyewe analipenda jina hilo, anadhani ni sifa.

Nina haki ya kuyasema haya. Kwanza, shemeji asipotaniwa hujiona mkwe. Pili, vitabu vyenyewe alivinunua kwangu. Nauza vitabu vilivyokwisha kusomwa, katika ukumbi mwembamba wa chini wa jengo letu, mahali ambapo watu wawili wanene hawapishani bila kuombana radhi. Meza yangu na mlango wa duka lake vinatazamana. Akikohoa nasikia. Akishauri nasikia zaidi, maana huwa anapandisha sauti.

Na mteja wa suti hana pa kukimbilia. Amesimama mbele ya kioo kirefu, mikono imeinuliwa, pini kila upande; akijitikisa tu anachomwa. Nakumbuka karani mmoja wa benki aliyekuja kupunguza suruali kiunoni. Alikuwa amekonda kwa kuuguza mama yake. Kabla hajamaliza hata kusema mama anaumwa nini, alikwisha kupewa kanuni nne za kulala usingizi mzuri na moja ya kula mboga. Wateja wazoefu waliijua dawa. Walimwomba aanze na pindo, kwa sababu akishika pindo huweka pini midomoni, na mtu mwenye pini midomoni hashauri.

Yote haya yangebaki kichekesho kama si binti yake.

Anaye mmoja tu. Alipokuwa mdogo, akitoka shule alipanda juu ya meza ya kukatia nguo, miguu inaning'inia, akamweleza baba yake kila kitu: nani kamkanyaga, nani kamnyima penseli, mwalimu gani anavaa soksi za rangi mbili. Baba anakata, mtoto anasema. Halafu vitabu vikaanza kuingia. Mtoto alilalamika kwamba rafiki yake hamsemeshi, akapewa siri za kuwavuta watu. Paka wake akafa, akapewa kanuni ya kusonga mbele. Mtoto si mjinga. Alishuka mezani taratibu, akahamia jikoni kwa mama yake, na huko ndiko maneno yake yote yalikohamia.

Siku ninazozungumzia alikuwa mwalimu mpya katika mji mwingine, darasa la pili, mwaka wake wa kwanza kazini. Kila Jumapili alipiga simu. Na mama yake walizungumza mpaka simu inapata moto sikioni. Kisha dada yangu humpelekea mumewe simu sebuleni, na sote tuliokuwapo tulikuwa tunayajua maneno yatakayotoka humo. "Shikamoo, Baba. Sijambo. Kazi nzuri. Watoto wazuri. Haya, Baba." Kwisha. Bwana Hatua alikuwa akibaki ameishika simu iliyokwisha kukatwa, akiitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Jumatatu moja asubuhi alivuka ukumbi akaja mezani kwangu kabla hajafungua hata madirisha ya duka.

"Shemeji," alisema, "mwanangu analia."

"Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Ndilo linaloniuma. Jana nimemsikia dada yako chumbani akisema, nyamaza, nyamaza mama. Halafu mimi nilipopewa simu, nikaambiwa kazi nzuri, watoto wazuri."

Nilijifanya napanga vitabu. Nilijua, bila shaka. Dada yangu hana siri ambayo mimi sina. Binti alikuwa amezidiwa. Watoto walikuwa wengi kuliko madawati, mwalimu mkuu alikuwa mkali, na kila mapumziko alijifungia katika choo cha walimu akalia mpaka kengele. Alikuwa anafikiria kuacha kazi. Nami nilikuwa nimekatazwa kufumbua kinywa, hasa mbele ya mtu huyu aliyesimama mbele yangu.

"Kwa nini haniambii mimi?" aliniuliza. "Nimemkosea nini? Katika nyumba ile, nani amesoma mambo ya matatizo kuliko mimi?"

Hasira ikanipanda, kwa sababu nampenda yule mtoto, na huyu naye nampenda kwa namna yake.

"Kwa sababu mtu akikupa jambo lake hulipokei," nilimwambia. "Unalipima, unalikata, unamrudishia limeshonwa. Yeye alitaka ulishike tu. Wewe kila mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ni hatua saba na limekwisha."

Nikaona nimemuumiza, nikataka kurudisha maneno, lakini yeye alikuwa anaangalia rafu zangu.

"Basi," alisema kwa upole, "nipe kitabu cha namna ya kuzungumza na binti mtu mzima. Kipo? Hata kikiwa na hatua ishirini, nitasoma."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka. Nilipomtazama vizuri, macho yalikuwa mekundu, hakulala. Kicheko changu kikakatika hapo hapo.

"Shemeji," nikamwambia, "kitabu chenye namba kwenye jalada sikuuzii tena. Chukua hiki. Ni riwaya."

Alikipokea kwa ncha za vidole.

Ilikuwa riwaya ya mjane anayegombania nyumba na ndugu wa marehemu. Alirudi nayo baada ya siku kadhaa, kurasa zimejaa chaki. Shemeji yangu hana kalamu. Ana kipande cha chaki ya fundi nyuma ya sikio, na kila alipoona jambo la maana alikuwa amelipigia mstari wa buluu kama anayeweka alama ya kukatia.

"Kitabu si kibaya," alisema, "ila mwandishi hana mpangilio. Sura inakwisha hivi hivi, hakuna muhtasari."

"Na mjane umemwonaje?"

"Hana nidhamu ya fedha."

"Shemeji, mjane amefiwa."

"Amefiwa, ndiyo, nani kakataa? Lakini sura ya nne angemwona wakili mapema, kitabu kingekuwa na nusu ya kurasa."

Nikampa ya upelelezi, nikidhani fumbo litamfunga mdomo. Kumbe mtu huyu alianza na ukurasa wa mwisho. Kwa hesabu zake, mtu akijua anakokwenda hapotei. Akajua mapema kwamba muuaji ni daktari, kisha akarudi mwanzo akakisoma kitabu kizima kwa hasira. Nilikuwa namsikia kutoka kwangu akigombana na mpelelezi. "Ni daktari, wewe. Unamhoji mpishi wa nini?" Mteja aliyekuwa anajaribu kizibao alitoka mbio kuuliza nani kauawa.

Mashairi yalimkasirisha kwa namna nyingine. Fundi hapendi kitambaa kipotee, na pale aliona mistari minne katikati ya karatasi nzima. "Mtu amepewa nguo yote hii," alisema, "ameshonea kitufe kimoja." Hata hivyo kuna shairi moja lililomkaa kichwani bila kulielewa. Alilirudia siku mbili akipiga pasi, akiwa amenuna, kama anayetafuta nani kamwekea kitu mfukoni. Hadithi za mizimu ndizo zilizodumu muda mfupi kuliko zote: alisoma moja, akalala na taa imewashwa, na dada yangu akaja kunirudishia kitabu yeye mwenyewe, akanitupia mezani bila salamu.

Baada ya hapo alikata tamaa. Alikuja na vitabu vyangu vyote vimefungwa kwa kipande cha utepe, akaviweka chini.

"Nimejaribu, shemeji. Hizi hadithi si za watu wenye kazi. Na Jumapili ni yale yale, watoto wazuri, kazi nzuri." Kisha jicho lake likaangukia kitabu kipya kilichokuja na furushi la asubuhi. Siri nane za kuongoza familia. Mkono ukanyooka.

Nilikikalia. Ndiyo, nilikichukua nikakiweka juu ya kiti nikakikalia, na mtu mwenye heshima zake hawezi kumnyanyua shemeji yake. Nikanyoosha mkono nyuma bila kutazama, nikampa kilichokuwa karibu. Hakikuwa hata na jalada.

"Hiki cha mwisho," nilisema. "Ukishindwa, nitasimama."

Sikukikagua. Katika biashara yangu kitabu kisicho na jalada hakikaguliwi, huuzwa kwa uzani. Siku mbili hazikupita nikasikia harufu ya sufu inaungua. Nikatupa macho ng'ambo. Shemeji yangu alikuwa ameinamia meza ya kukatia, futi kamba shingoni, kidole kwenye mstari, na pasi imetulia juu ya suruali ya mtu ikitoa moshi. Watu wanaomfahamu hawataniamini. Fundi yule hajawahi kuunguza hata leso. Nilimpigia kelele ainue pasi, naye akaiinua bila kuondoa macho kwenye ukurasa. Nilimhurumia mwenye suruali, lakini moyoni nilipiga kigelegele.

Siku ya pili yake alivuka ukumbi haraka.

"Mwisho uko wapi?"

"Mwisho wa nini?"

"Wa hiki." Alinifungulia nyuma. Nyuzi za mshono wa kitabu zilikuwa zinaning'inia; mafungu ya mwisho yalikuwa yamechomoka zamani. "Mwanamke anawakatia abiria tiketi katika stesheni ya treni. Abiria mmoja amemwachia sanduku, amemwambia nishikie, narudi sasa hivi. Harudi. Mwanamke analitunza mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Anaolewa, anahama nalo. Mume anamwambia lifungue, hataki. Wanagombana. Mume anaondoka. Siku moja anakaa kitandani, analivuta, anaweka kidole gumba kwenye kufuli. Hapo. Kidole kiko kwenye kufuli, na karatasi zimekwisha."

"Pole," nilisema.

"Kuna nini ndani ya sanduku?"

"Sijui, sijakisoma."

"Nakala nyingine?"

"Hakina jalada, shemeji. Sijui hata kinaitwaje."

Alisimama pale kama mtu aliyeshushwa katikati ya safari. Asingeweza kuanza na ukurasa wa mwisho, kwa kuwa haukuwapo. Asingeweza kumshauri yule mwanamke, na nadhani alikuwa amemshauri sana, maana sura za mwanzo zilikuwa na chaki nyingi. Za katikati zilikuwa na chaki kidogo. Za mwisho zilikuwa safi kabisa.

Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akaanza kuuliza watu. Kila aliyesimama mbele ya kioo alisimuliwa habari za mkata tiketi tangu mwanzo, kisha akaulizwa, wewe unaonaje, alifungua? Kulikuwa na nini? Mzee mmoja alisema ni mawe. Bibi aliyekuja na suruali ya mumewe alisema hakuna kitu humo, hata hewa, na alisema kwa sauti ya mtu anayemjua abiria mwenyewe. Kijana wa duka la simu alisema angeliuza lilivyo, na mnunuzi ajue mwenyewe. Dada yangu, alipoulizwa nyumbani, alijibu kwamba ni nguo chafu, kama ilivyo katika masanduku yote ya wanaume. Shemeji alikuwa akisikiliza kila jibu mpaka mwisho, mkasi umetulia mkononi, kwa sababu alitaka kujua kweli. Majibu yenyewe hayakumtosha, lakini watu wakishaanza kusema hawakomi upesi. Mtu akianza na sanduku la stesheni, humalizia na la kwake.

Yule karani wa benki alirudi, safari hii kupunguza koti. Akasimuliwa. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono juu.

"Asilifungue," alisema.

"Kwa nini?"

Nilisubiri kanuni. Haikuja. Karani akasema kwamba mama yake alipofariki, hospitali ilimpa mkoba wake, na mkoba huo uko juu ya kabati mpaka leo, zipu imefungwa. Anajua kuna miwani na kitana na pengine peremende. Hawezi. Alizungumza hivyo akiwa amesimama, pini kila upande, na hakuchomwa hata mara moja, kwa kuwa fundi wake alikuwa amesimama naye bila kumgusa.

Alipoondoka, shemeji alivuka akaja kuegemea meza yangu.

"Yule, mama yake aliugua mpaka akafa," alisema. "Nimempunguzia nguo mara mbili, sikujua. Nilidhani anafanya mazoezi."

"Ukamwambia nini?"

Alifikiri. "Hakuna. Nilisahau kumshauri."

Sikumtania. Kuna siku hata shemeji huachwa.

Jumapili ile, alipopewa simu, binti akaanza wimbo wake: shikamoo Baba, sijambo, kazi nzuri. Baba akamkatiza. "Sikiliza kwanza, mama. Kuna mwanamke mmoja anakata tiketi." Akamsimulia mpaka kidole gumba kwenye kufuli. Kutoka upande wa pili nikasikia sauti ndogo ikiuliza, "Baba, unaumwa?" Alipomhakikishia kwamba haumwi, binti alisema hajui kuna nini sandukuni, ila atafikiria, na likizo ikianza atakuja. Hakusema "haya, Baba." Alisema, "Kwani hakuna namba ya aliyekiandika?" Dada yangu alikuwa amekunja mikono mlangoni. Ndoa yao ina miaka mingi, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kusubiri kurudishiwa simu.

Akaja. Alifika siku ya pili ya likizo, moja kwa moja dukani, mkoba begani, amekonda usoni. Dada yangu na mimi tulikuwa mezani kwangu tunakunywa chai, tukajifanya tunatafuta kitabu. Tulikuwa tunamjua baba mtu. Tulijua pia kwamba binti amekuja na uamuzi nusu: shule ikifunguliwa, huenda asirudi. Alikwisha kumwambia mama yake hivyo. Kumwambia baba ndilo lililokuwa linamtetemesha, na mama yake alikuwa amejiandaa kuingia kati, vikombe vitupwe ikibidi.

Alisalimia, akakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba. Baba yake aliendelea kuweka alama kwenye kitambaa. Hakumuuliza habari za kazi. Nilimbana dada yangu goti chini ya meza.

"Nimelifikiria lile sanduku," binti alisema.

"Enhe?"

"Mimi ningelifungua. Halafu ningelia."

"Kwa sababu kuna kitu kibaya?"

"Hapana. Hata kama ni tupu. Kwa sababu nimelibeba muda mrefu."

Baba akaweka chaki chini. Pale ndipo binti alipoanza kusema. Alisema habari za watoto, wengi, wanaopiga kelele zisizokuwa na mwenyewe. Alisema habari za mwalimu mkuu anayesimama dirishani bila kuingia. Alisema habari za choo cha walimu, na bomba linalovuja ambalo hulifungulia lote ili asisikike. Mambo haya yote mama yake na mimi tulikuwa tunayajua neno kwa neno, lakini niliona haya kuyasikia tena, kwa sababu yeye sasa alikuwa anayasema huku anamtazama mtu usoni, si kwenye simu.

Mara mbili shemeji alifungua mdomo. Naapa nililiona neno likifika kwenye meno. Mara ya kwanza alitoa, "Unajua, mwa..." kisha akakohoa kikohozi cha uongo kabisa. Mara ya pili aliushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Vile vitabu vyake vilikuwa pale pale nyuma ya kichwa chake, rafu nzima, mistari ya buluu kila ukurasa. Mle ndani kulikuwa na jibu la kila kitu. Dada yangu aliacha chai ikapoa.

"Kwa hiyo nifanyeje, Baba?" binti aliuliza. "Nirudi au nisirudi?"

Shemeji yangu aliyajibu maswali ya watu wasiomuuliza kwa miaka yote ninayomfahamu. Hili lilikuwa swali lake, ameulizwa na mtu wake, na alikuwa amelisubiri tangu mtoto ashuke mezani.

"Sijui, mama," alisema.

"Hujui?"

"Sijui. Sijawahi kusimama mbele ya watoto wengi namna hiyo. Mimi ningekimbia siku ya kwanza."

Binti alimtazama kana kwamba anamhakiki. Kisha mabega yakashuka. Akautoa mkoba mapajani, akauweka sakafuni, na sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ndogo, ikabidi mimi na dada yangu tusogeze shingo mbele kama mabata.

"Kuna jambo sijamwambia mtu," alisema. "Nimempiga mtoto, Baba. Kwa rula, mkononi. Nilidhani ndiye aliyetupa kitabu, kumbe siye. Mkono ulivimba. Hakunisema popote. Kesho yake akaja mlangoni asubuhi kunibebea madaftari, kama kila siku, akayabeba kwa ule mkono mwingine."

Alilia waziwazi, bila bomba la kumfichia, na baba yake akavuta kigoda cha kushonea, akaketi mbele yake, chini kidogo kuliko yeye. Alitoa leso mfukoni, akampa. Hakusema kosa hurekebishwaje.

Dada yangu alikuwa amegeuka kunitazama, na sijawahi kumwona na uso ule.

"Hilo mimi hakuniambia," alisema kwa sauti ya chini.

Akasukuma kikombe, akainuka kwenda kwa mwanawe. Nikamshika mkono nikamketisha.

"Kaa," nilimwambia. "Mwache amalize na baba yake."